Kunguni nyumba ya wapangaji Moshi: fundi anataka kuweka vidonge. Nitajuaje kama ana kibali?

PasuaVyumba8

Wakuu salaam. Nasimamia nyumba ya wapangaji hapa Pasua, Moshi. Vyumba 8, vinne kila upande, korido katikati. Kuta ni za tofali lakini zinaishia kwenye dari. Juu ya dari ni uwazi mmoja tu kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Kunguni wameonekana vyumba vitatu: viwili vimepakana, cha tatu kiko ng'ambo ya korido. Mpangaji mmoja ana mtoto wa miezi minne.

Nimeongea na mafundi wawili.

Fundi A anataka 25,000 kwa chumba, na anasema vitoshe hivyo vitatu tu. Anaweka "vidonge vya kufukiza" vitatu kwenye kisahani chini ya kitanda, anaziba mlango kwa solotepu, na watu wanarudi baada ya saa sita. Anatoa dhamana ya mwaka mzima. Akimaliza anapuliza na dawa ya maji. Chupa kanionyesha: lebo ni ya Kiingereza tu na namba yake inaanza na PCPB.

Fundi B anataka 55,000 kwa chumba. Anasema lazima akague vyumba vyote 8, apulize, kisha arudi tena baada ya wiki mbili. Dhamana ya mwaka hana.

Mwenye nyumba anamtaka A, na sababu yake mnaijua. Naomba kujua: nani anatoa kibali cha kazi hii na nitakihakiki vipi? Hiyo namba ya PCPB ni ya nini? Na je, kuna ubaya wowote wa vidonge ikiwa watu wametoka chumbani?

Gesi_na_Ghala

Mkuu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo la haraka. Vidonge visiingie kwenye hiyo nyumba, awe navyo mwenye kibali au asiye nacho.

Vidonge wanavyoita vya kufukiza huku kwetu karibu vyote ni fosfaidi ya alumini, vile vile vya ghala la mahindi. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi. Sasa chukua chumba cha mita 3 kwa 3.5, kimo mita 2.7: ni kama mita za ujazo 28. Vidonge vitatu ni gramu 3 za gesi, yaani takriban miligramu 107 kwa kila mita ya ujazo, sawa na karibu sehemu 77 katika milioni. Marekani, mfanyakazi haruhusiwi kuvuta zaidi ya wastani wa sehemu 0.3 kwa zamu ya saa nane, na ikifika 50 inahesabiwa kuwa ni hatari ya papo hapo kwa uhai. Hapo fundi wako hajaongeza hata kidonge kimoja "ili wafe vizuri".

Utaniambia gesi haitakaa yote chumbani, itavuja. Ni kweli, na ubaya wenyewe uko hapo. Solotepu inaziba mlango tu. Gesi hii inapita kwenye tundu la waya wa taa, kwenye maungio ya dari, kwenye bomba la nyaya ukutani, hata kwenye ufa wa plasta. Ikishapanda darini kwako hakuna ukuta wa kuizuia, inashukia chumba chochote. Wanaodhurika mara nyingi si waliotolewa chumbani bali ni waliolala chumba cha pili, ambao hakuna aliyewaambia kitu. Kwa mtoto wa miezi minne ni hatari zaidi.

Halafu hizo saa sita. Kidonge hakimalizi kutoa gesi ndani ya saa sita. Kutegemea joto na unyevu, kinachukua siku mbili, tatu au zaidi. Maana yake watu wanarudi kulala wakati kisahani bado kinafanya kazi. Ukikuta kimebaki kitu kama majivu ya kijivu usidhani kimekwisha. Humo ndani huwa na mabaki yanayoendelea kutoa gesi ukiyamwagia maji. Na vidonge vikirundikwa vikalowa kwa pamoja vinaweza kuwaka moto.

Cha kuchekesha ni kwamba hata hao kunguni hutawamaliza. Kazi ya gesi hii kwenye nafaka hufanyika chini ya turubai lisilopitisha hewa, kingo zimekandamizwa kwa mifuko ya mchanga, kwa siku nyingi, kwa sababu mayai yanahitaji muda mrefu kufa. Saa sita kwenye chumba kinachovuja zinawatosha baadhi ya wakubwa tu. Pia fosfini inakula shaba: redio, runinga, friji na soketi zinaharibika taratibu na hakuna atakayejua sababu.

Vidonge vina kazi yake halali: ghalani, mbali na mahali watu wanapolala, kwa mtu aliyefunzwa, mwenye barakoa ya gesi na kifaa cha kupima hewa kabla ya kuruhusu mtu kuingia. Muulize fundi A kipimo chake cha gesi kiko wapi. Harufu si kipimo. Wengine wanasikia kitunguu saumu, wengine samaki waliooza, wengine hawasikii kitu.

Ikiwa keshaviweka mahali: toeni watu WOTE wa nyumba nzima, si wa chumba hicho tu, milango na madirisha wazi mkiwa mnatoka. Msivimwagie maji, msivibebe kwa mkono. Mtu akilalamika kichwa, kichefuchefu, kifua kubana au kizunguzungu, apelekwe Mawenzi au KCMC na daktari aambiwe wazi kuwa ni fosfini, mkiwa na picha ya kopo. Gesi hii haina dawa ya kuipindua, kinachookoa ni kuwahi hewa safi na hospitali. Na maziwa si tiba yake.

NambaYaLebo

Mkuu @Gesi_na_Ghala kamaliza la vidonge. Mimi nijibu la kibali.

Mwenye mamlaka ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Iliundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020, ikarithi kazi za iliyokuwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Watu wengi Arusha na Moshi bado wanasema "TPRI" na mtaelewana tu, mahali ni pale pale Ngaramtoni, barabara ya Namanga. Kwa wewe wa Moshi unapita Arusha mjini, unachukua daladala ya Ngaramtoni. Jina la "mimea" lisikuchanganye: dawa za wadudu wa majumbani nazo ziko chini yao.

Kuna mambo matatu yanayodhibitiwa na watu huyachanganya. Dawa yenyewe isajiliwe. Duka linaloiuza liwe na kibali. Na mtu anayelipwa kupuliza au kufukiza awe na kibali chake. Mtu anaweza kuwa na dawa halali mkononi na yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuipuliza kwa malipo, na kinyume chake.

Fundi akikuonyesha karatasi, soma kichwa chake. Leseni ya biashara ya manispaa, TIN na cheti cha BRELA vinasema tu kwamba ni mfanyabiashara. Cheti cha kuhudhuria semina nacho si kibali. Unachotafuta ni karatasi ya TPHPA yenye namba, jina la mtu au kampuni, aina ya kazi aliyoruhusiwa na tarehe ya kuisha. Linganisha jina na kitambulisho cha yule atakayeshika bomba la kupulizia. Kibali cha "kaka yangu yuko Dar" hakikuhusu. Kisha piga picha, wapelekee TPHPA au wapigie, uwatajie namba. Wakisema hawamjui basi hata karatasi iwe na mihuri mitatu haina maana. Wakaguzi wao wako pia mipakani, Holili na Namanga, lakini kwa uhakiki wa mtu wa kupuliza nyumba nenda moja kwa moja makao makuu.

Sasa PCPB. Hiyo ni bodi ya Kenya inayosajili dawa za wadudu kule kwao. Dawa yenye namba ya PCPB peke yake imesajiliwa Kenya, na usajili wa Kenya hauhamii Tanzania kwa kuvuka Holili au Tarakea. Inawezekana kabisa ni dawa nzuri, inawezekana hata jina hilo hilo limesajiliwa na hapa, lakini chupa iliyoletwa kwa njia halali ingekuwa na namba ya usajili wa Tanzania na maelezo ya Kiswahili. Namba zetu kwa kawaida zinatanguliwa na herufi za aina ya dawa: IN ni ya wadudu, HE ya magugu, FU ya ukungu. TPHPA wana orodha ya dawa zilizosajiliwa. Unatafuta kwa jina la biashara, halafu unahakikisha kiambata (sumu yenyewe iliyomo) na kiasi chake vinalingana na vya kwenye chupa. Jina likilingana na kiasi kisilingane, hiyo ni chupa nyingine iliyovalishwa lebo.

Angalia pia mstari wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali sana, njano ni kali ya wastani, bluu inafuata, kijani ndiyo yenye hatari ndogo kwa binadamu ikitumiwa vizuri. Mtu akija kupuliza chumba cha kulala na chupa ya mstari mwekundu, mfungulie geti atoke.

Na kitu kimoja ambacho huku kwetu kwenye bustani za mbogamboga kinapita sana: dawa ya nyanya haigeuki kuwa ya chumbani kwa sababu kiambata ni kile kile. Usajili unataja mdudu na mahali. Dawa ya shambani inaweza kuwa na kiyeyusho kinachotoa mvuke mkali, na kiwango chake kimepimwa kwa majani yanayopigwa jua na mvua. Godoro halipigwi mvua.

MangiWaKiboriloni

Mnamtisha bure jamaa. Aende sokoni apimiwe dawa kwenye chupa ya maji, buku tatu, achanganye apulize mwenyewe. Miguu ya vitanda aisimamishe kwenye makopo ya mafuta ya taa. Wazee wetu walifanya hivyo na kunguni waliisha.

NambaYaLebo

Mangi, dawa ya kupimiwa haina lebo, kwa hiyo haina kiwango, haina jina na haina namba. Mtoto akiinywa akidhani maji, daktari ataanza kutibu nini? Kupakia upya kwenye chupa nyingine ni kosa kisheria na ndiyo njia rahisi ya kuuza dawa iliyokwisha muda. Mafuta ya taa chini ya kitanda kwenye nyumba ambayo watu wanapikia korido, hilo nakuachia mwenyewe. Wazo la kuzuia miguu ya kitanda si baya lakini, @Chaga_na_Skrubu ataeleza.

Chaga_na_Skrubu

Nipo. Fundi B ana hoja, nitaeleza kwa nini, halafu nitakwambia cha kumbana nacho.

Vyumba vyote 8 vikaguliwe. Kunguni wanatembea kwa miguu kupitia soketi, chini ya mlango na juu ya dari, na wanabebwa kwenye mabegi na makochi ya kuuziana. Ukipuliza vitatu tu, dawa nyingine zinawafukuza wahamie vya jirani kabla hazijawaua, mwezi ujao unaanza upya. Si lazima kupuliza vyote 8 kwa nguvu sawa. Ila vilivyopakana na vyenye kunguni, na kilicho mkabala navyo, visiachwe.

Ukaguzi hauhitaji mashine. Tochi, kadi ngumu ya plastiki na bisibisi. Simamisha godoro, fuata mshono wake wote na chini ya kitambaa cha lebo. Chaga zitolewe moja moja: wanapenda pale ncha ya chaga inapolala kwenye ubavu wa kitanda, kwa sababu hapo mbao mbili zinagusana na pana giza. Tundu za skrubu, nyuma ya ubao wa kichwani, na kama ni kitanda cha chuma, ndani ya ncha za mabomba zisizo na vifuniko. Utaona nukta nyeusi kama umegusa na kalamu ya wino. Igusishe na pamba yenye maji. Ikitoa rangi ya kahawia nyekundu, ni damu iliyosagwa, ni kunguni. Mayai ni meupe, urefu wa milimita 1 hivi, yamegandishwa kwenye mbao na hayaondoki kwa kufagia. Ukishamaliza kitanda ndipo uende soketi, pindo la pazia, fremu za picha na maungio ya kochi.

Kabla fundi hajafika wapangaji wana kazi, na hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Nguo na mashuka vifungwe kwenye mifuko ya plastiki HUMO HUMO chumbani ndipo vitoke. Ukipita na shuka kifuani korido nzima unawasambazia wenzako. Kunguni na mayai hufa joto likifika nyuzi 50 na likawafikia kweli walipo. Kwa kufua lenga 60. Kama unachemsha sufuria, kumbuka beseni la maji ya kawaida na nguo zenyewe vinapoza, kwa hiyo ongeza ya moto hadi mkono usivumilie, na uloweke nusu saa. Pasi ya moto kwenye mishono inasaidia. Kuanika godoro juani ni imani tu: juu linachoma, ndani halijafika popote, na wenyewe wanahamia upande wa kivulini. Mwezi wa saba wa Moshi ndio kabisa, usijisumbue.

Wanaoonekana wakwanguliwe kwa kadi waingie kwenye beseni la maji ya sabuni. Fundi mwenye mashine ya mvuke wa moto ni wa thamani zaidi ya mwenye dawa kali, kwa sababu mvuke ukipitishwa polepole kwenye mshono unaua na mayai, na hakuna usugu dhidi ya joto.

Usugu ndio nilitaka kufikia. Dawa nyingi za majumbani ni za kundi la pairethroidi, zile zilizoigwa kutoka kwenye pareto. Kwenye lebo utazitambua: deltamethrin, cypermethrin, lambda-cyhalothrin, zote zinaishia na "thrin". Vyandarua vyetu vya mbu navyo vimetiwa kundi hilo hilo, kwa hiyo kunguni wa kwenye chaga amekuwa akiishi nalo kila usiku. Utafiti wa kaskazini mashariki mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kunguni wenye usugu huo kwenye nyumba zenye vyandarua vyenye dawa. Basi muulize fundi B kiambata gani anatumia. Akijibu jina moja la "thrin" peke yake, muulize mpango wake ni upi wasipokufa. Majibu mazuri ni mvuke, au bidhaa iliyosajiliwa yenye kiambata cha kundi jingine, au mchanganyiko uliotengenezwa hivyo kiwandani. Kuchanganya chupa mbili kwenye bomba moja kwa kichwa chake si jibu.

Kipimo. Hili msimamie usione aibu. Tuseme lebo inasema mililita 5 kwa lita. Bomba la lita 16 ni mililita 80, bomba dogo la lita 5 ni 25. Apime kwa kikombe chenye alama au bomba la sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo, kila kampuni ina saizi yake. Maji yawekwe nusu ya bomba, dawa iingie, itikiswe, ndipo yajazwe. Maji yawe safi, ya tope yanaipunguzia dawa nguvu. Mchanganyiko wa jana usipulizwe leo. Akizidisha dozi hawafi haraka zaidi, unabaki na harufu na mtoto mwenye upele. Akipunguza, wanaobaki ni wale sugu tu.

Bomba lisiwe lililotumika kwa dawa ya magugu. Pua yake iweze kutoa mstari mwembamba unaoingia kwenye nyufa, maana hapo ndipo wanapolala mchana. Kupuliza hewani chumba kizima, au ule moshi wa mashine inayonguruma, unapendeza kwa macho na unaua mbu. Kwenye ncha ya chaga haufiki. Kwa ukuta wa plasta isiyopakwa rangi, dawa ya unga wa kuchanganya na maji hubaki juu ya ukuta vizuri kuliko ya mafuta, ambayo hunywewa na saruji. Sehemu ya godoro unayolalia isipulizwe isipokuwa lebo yenyewe imeruhusu. Kitanda cha mtoto: mvuke na kufua tu.

Marudio ya wiki mbili si ujanja wa kuongeza bei. Dawa nyingi haziui yai. Yai huanguliwa siku 6 hadi 10 kwenye joto, baridi ikiwepo linachelewa. Mtoto wa kunguni anahitaji kula damu mara kadhaa na kujivua magamba mara tano ndipo aanze kutaga, ni wiki kadhaa. Ukirudi kati ya siku ya 10 na ya 14 unawakuta walioanguliwa na bado hawajataga. Ukirudi baada ya miezi miwili, umewalea. Na mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kukifunga chumba "wafe njaa" sahau.

Miguu ya kitanda: kitanda kiwe mbali na ukuta kwa kiganja, shuka na chandarua visiguse sakafu, kila mguu usimame ndani ya bakuli la plastiki lenye kuta za kuteleza, lililopakwa poda ya watoto ndani. Wakianguka humo wengi wanashindwa kupanda tena. Kila asubuhi unachungulia. Hicho ndicho kitakachokwambia kama kazi imefanikiwa, si dhamana. Dhamana ya mwaka kwenye nyumba ambayo wapangaji wanaingia na kutoka na makochi yao haiwezekani, na anayeitoa anajua hilo.

PasuaVyumba8

Asanteni sana wakuu, nimemsomea mwenye nyumba la vidonge na amekubali visiwekwe. Matatu yamebaki. Chumba cha mwisho kuna gunia nne za mahindi, na mpangaji mmoja wa vile vyumba ambavyo havijaonekana kunguni amekataa kabisa kufungua mlango. Na hao wanaorudi, warudi baada ya muda gani?

Chaga_na_Skrubu

Kurudi: fuata lebo, na kama haisemi wazi, si kabla dawa haijakauka kabisa na madirisha kukaa wazi saa kadhaa. Huyo wa mtoto mchanga alale kwa ndugu usiku huo, na sakafu ipigwe deki kabla mtoto hajaletwa. Mtu akihisi uso unawashawasha kama pilipili baada ya kugusa dawa za "thrin", ni kawaida yake: aoshe kwa sabuni na maji ya baridi, asikande na maji ya moto. Akitokwa mate mengi, jasho na mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano, hiyo si "thrin" tena, kuna mtu katumia dawa ya kundi jingine lenye sumu kali zaidi. Hospitali, na chupa mkononi.

Gesi_na_Ghala

Mahindi yatoke kabla bomba halijaingia, yasifunikwe tu. Na muulize mwenye nayo kama kaweka vidonge ndani ya magunia, wengi wanaweka na kulala nayo chumba kimoja. Kama anaogopa dumuzi, mifuko ile ya tabaka isiyopitisha hewa haihitaji dawa yoyote, mradi mahindi yawe makavu: weka konzi chache kwenye chupa kavu na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, anika tena.

NambaYaLebo

Huyo aliyekataa, usimvunjie mlango. Mwandikie barua fupi ya siku ya ukaguzi, dawa itakayotumika na sababu, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Akiendelea kugoma, mwombe afisa afya wa kata afike. Wadudu na usafi wa makazi ni kazi yake, na mara nyingi mtu anagoma kwa aibu tu ya kuonekana ana kunguni.

Kwa fundi B, kabla ya kulipa akuandikie kwenye risiti au karatasi yenye jina lake: namba ya kibali, jina la dawa na namba ya usajili, kiambata, kiasi alichochanganya kwa lita ngapi, vyumba alivyopuliza, tarehe ya leo na tarehe ya kurudi. Lipa sehemu, nyingine siku ya marudio. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba na yapulizwe, yasimwagwe mferejini maana hizi dawa zinaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Kisha itobolewe. Wale wanaopita kununua chupa wasiipate, zinarudi mtaani na mafuta ya kula.

Na fundi A, kama kweli ana makopo ya vidonge anazunguka nayo majumbani, toa taarifa TPHPA au kwa afisa afya wa manispaa. Taja mtaa, picha ya kopo na namba ya simu aliyokupa. Wiki hii kakosa kazi kwako, wiki ijayo yuko nyumba nyingine yenye dari kama lako.